LST: meli ya kushushia vifaru iliyogeuka kivuko. Umbo lake lingefaa Ziwa Kivu?

Nguba_Beach (Bukavu)

Jambo wandugu. Naomba msaada wa wale wanaojua meli kwa undani. Natafuta historia ya zile LST za Vita Kuu ya Pili, meli zenye milango puani zilizokuwa zinapanda ufukweni na kutapika vifaru. Nimesoma kwamba kuna moja iliyokuwepo Normandy mwaka 1944 ambayo baadaye ilibeba magari ya raia kwa makumi kadhaa ya miaka. Ningependa kujua ilipitia mikono gani, nini kilibadilishwa mwilini mwake ili iwe kivuko (baki, kama tunavyosema huku), na kwa nini ilidumu hivyo.

Nauliza kwa sababu ya ziwa letu. Kati ya Goma na Bukavu mizigo mingi bado inapandishwa kwa mgongo, gunia moja moja, kwenye bandari zenye nafasi ndogo. Minova, Kalehe na Idjwi nako gati za kweli ni chache. Chombo kinachofika ufukweni, kinalaza rampu, kamio (lori) inashuka na mzigo wake, kingebadilisha kazi hiyo yote. Je, umbo la LST ni la kuigwa, au lilifaa bahari tu?

---

Chuma_na_Maji (Goma)

Ndugu Nguba, anza na tatizo ambalo LST ilitengenezwa kulitatua, kwa maana kila kitu kwenye mwili wake kinatoka hapo. Baada ya kufukuzwa Dunkirk, Ufaransa, mwaka 1940 Waingereza waliona hawana chombo cha kurudisha vifaru ng'ambo bila bandari. Kwanza waligeuza meli tatu za mafuta zilizojengwa kwa ajili ya Ziwa Maracaibo kule Venezuela, yaani Misoa, Tasajera na Bachaquero, kwa sababu zilikuwa hazizami sana na ziliweza kukaribia nchi kavu. Angalia hapo: mzizi wa ukoo huu ni vyombo vya maji mafupi vya ziwani.

Halafu wakaomba Marekani. Novemba 1941 mhandisi John Niedermair wa idara ya meli ya jeshi la majini la Marekani akachora mchoro wa kwanza. Ugumu ulikuwa huu: meli inayovuka bahari kuu inataka kuzama vizuri majini, la sivyo mawimbi yanaichezea, meli inayopanda ufukweni inataka kuelea juu kabisa. Akajibu kwa balasti. Safarini matangi yanajazwa maji, meli inakaa chini. Ikikaribia ufuko maji yanapompiwa nje, meli inainuka. Mimi naona huo ndio moyo wa LST kuliko ile milango inayopigwa picha.

Vipimo vya zile za Marekani: urefu karibu mita 100, upana mita 15.2, motere mbili za mazutu (dizeli) za General Motors aina ya 12-567, kila moja nguvu farasi 900, helisi (propela) mbili na usukani mbili, kila usukani nyuma ya helisi yake. Mwendo wa juu noti 12. Ikiwa tupu, omo (mbele) ilizama mita 0.7 tu na tezi (nyuma) mita 2.3. Ikiwa na mzigo wa kutua wa tani 500, omo mita 1.2 na tezi mita 3. Ikijazwa kwa safari ndefu, tezi ilifika mita 4.3. Tofauti kati ya omo na tezi haikutokea kwa bahati: sakafu ya meli ilipangwa ilale sambamba na ufuko wenye mteremko wa 1 kwa 50, mita moja chini kwa kila mita 50 kwenda mbele.

Marekani ilijenga LST 1,051, nyingi mbali na bahari, kwenye viwanda vya mto Ohio na Illinois: Evansville, Jeffersonville, Seneca na kwingineko. Tole (bamba za chuma) zilikatwa, zikachomelewa vipande vipande, vipande vikaunganishwa, kisha meli ikasukumwa majini ubavu kwa ubavu na kuteremka mto mpaka baharini.

---

Himbi_Omo (Goma)

Naongeza upande wa historia ya kazi, maana ndilo swali lake la kwanza.

Meli unayoitafuta ni LST-510. Ilijengwa Jeffersonville, Indiana, ikateremshwa majini Novemba 1943, ikaingia jeshini Januari 1944, ikawa Normandy Juni mwaka huohuo. Baada ya vita iliwekwa akiba. Mwaka 1955 LST nyingi zilizobaki zilipewa majina badala ya namba tupu, nayo ikaitwa Buncombe County, kata moja ya North Carolina. Mwaka 1958 ikaondolewa kwenye orodha ya jeshi.

Hapo yakaanza maisha ya pili. Ikageuzwa kivuko cha magari kwenye mdomo wa ghuba ya Chesapeake kwa jina la Virginia Beach. Aprili 1964 daraja na handaki la Chesapeake likafunguliwa, vivuko vya pale vikakosa kazi siku hiyohiyo. Julai 1964 njia mpya ya Cape May hadi Lewes ikaanzishwa kwenye mdomo wa ghuba ya Delaware, ikachukua vyombo vya Chesapeake. Yetu ikapewa jina la Cape Henlopen. Miaka ya 1980 ikauzwa tena, ikaenda njia ya New London hadi Orient Point, kuvuka Long Island Sound, na jina likabaki. Inabeba magari yapatayo 90. Imeingia miaka ya 2020 ikiwa bado kazini, ganda ni lile la 1943.

Lakini kwa mtu wa Kivu mimi ningependekeza uangalie zaidi LST-393. Hiyo ilijengwa Newport News mwaka 1942, ikapita Sicily na Normandy, na baada ya vita ikapelekwa Ziwa Michigan. Ikaitwa Highway 16, jina la barabara iliyokatwa na ziwa, ikawa inabeba magari mapya kutoka Muskegon hadi Milwaukee, karibu km 130 za maji baridi, mpaka mwaka 1973. Leo ni makumbusho palepale Muskegon. Hiyo ni kazi ya ziwani: hakuna kupwa na kujaa, hakuna chumvi, kuna upepo wa ghafla, na safari yake ni ndefu kupita urefu wote wa Ziwa Kivu.

Uingereza nako kuna Frank Bustard, mtu aliyefanya kazi kampuni ya meli ya White Star Line kabla ya vita. Kampuni yake, Atlantic Steam Navigation, ilikodi LST tatu kutoka serikalini mwaka 1946, akaziita Empire Baltic, Empire Cedric na Empire Celtic. Septemba 1946 Baltic ilitoka Tilbury kwenda Rotterdam na magari ya jeshi la Uholanzi. Mwaka 1948 akafungua njia ya Preston hadi Larne kwa ajili ya makamio ya biashara. Wanaosema kamio kuingia melini na mzigo wake na kutoka nao bandari ya pili ni jambo la miaka ya 1970 wakosolewe: lilianza na meli hizi za kukodi.

---

Chuma_na_Maji (Goma)

Himbi, hapo kwa Bustard tofautisha. Zake zilikuwa za aina ya tatu, zilizojengwa Uingereza na Kanada, na zilitumia mvuke, si mazutu, kwa kuwa motere za Marekani hazikutosha. Mashine za mvuke na mabwela (matangi ya kuchemshia maji) ni nzito, kwa hiyo zilizama zaidi kuliko zile za Marekani na hazikufaa fuko za kina kifupi sana. Kwenye biashara haikuwa shida, zilitumia bandari zenye rampu. Ila mtu akichukua vipimo vya kutua vya aina ya pili, yaani zile za Marekani, na kuvibandika kwenye meli za Bustard, hesabu itamdanganya.

---

Nguba_Beach (Bukavu)

Aksanti sana wakubwa. Sasa niambieni mwilini nini kilikatwa na nini kiliachwa. Na ile kazi ya kupanda ufukweni, ilifanywaje hatua kwa hatua? Nataka kuelewa kama nahodha wa Kivu angeweza kuifanya Kalehe bila kupasua chombo.

---

Himbi_Omo (Goma)

Vilivyoondoka ni vya vita: mizinga, boti ndogo zilizoning'inia ubavuni pamoja na mikono yake ya kuzishushia, na vitanda vya askari vilivyopangwa pande mbili za chumba cha vifaru. Vilivyoongezwa ni nyumba ya abiria juu, ngazi, vyoo, vifaa vya kuokolea vya kutosha idadi ya watu, na chumba cha nahodha chenye kuona mbele vizuri. LST ya vita inaongozwa kutoka nyuma. Ukiwa pale juu ya tezi, una karibu mita 80 za sitaha mbele yako na huoni kitu kilicho karibu na omo. Kwa kivuko kinachofunga gatini mara nyingi kwa siku hilo ni jambo kubwa.

Hewa nayo. Chumba cha vifaru kimefungwa pande zote. Injini 20 zikiwashwa mle ndani moshi unaua. Mwaka 1942 Wamarekani walijenga kule Fort Knox jengo zima lenye umbo la chumba hicho ili kupima feni za kutoa moshi. Ukiiga umbo hili leo, acha sitaha ya magari iwe wazi juu na umemaliza tatizo bila feni hata moja. Ukiifunika, amuru shoferi wote wazime motere mara wanaposimama, na feni ziendeshwe tangu kamio ya kwanza kuingia.

Kutua kulikwenda hivi. Kwanza balasti ya mbele inapompiwa nje, ya nyuma inabaki, meli inainua pua. Halafu inaelekea ufuko kwa mstari ulionyooka, mwendo mdogo. Ikibaki kama urefu wa meli mbili, nanga ya tezi inaangushwa na waya wake unaachiwa taratibu kutoka kwenye winchi. Hiyo nanga ndiyo itakayokurudisha nyumbani, na usipoiangusha mapema hutakuwa na kitu cha kuvutia. Pua ikigusa, motere zinaendelea kusukuma mbele polepole ili upepo usigeuze tezi. Kosa kubwa kabisa la kutua ni tezi kuzunguka na meli kulala ubavu kando ya ufuko. Hapo kila wimbi linaipandisha zaidi, na nanga inavuta kwa pembe isiyosaidia. Milango inafunguliwa, rampu inashuka, magari yanatoka. Mzigo ukishapungua omo inakuwa nyepesi, winchi inavuta waya, helisi zinarudisha nyuma, meli inatoka.

Normandy mara nyingi waliacha maji yapwe, meli ikakaa mchangani na sakafu yake bapa, magari yakashuka pakavu, kisha maji yakajaa na kuiinua. Kivu hakuna hiyo zawadi. Ukikwama saa nne asubuhi, saa kumi jioni bado umekwama. Kwa hiyo kila kitu kinategemea nanga ya tezi, winchi na pompi za balasti, na hivyo vitatu visinunuliwe vya bei rahisi.

---

Hesabu_kwanza (Bukavu)

Naingia kwenye namba, maana bila namba tutabaki kusifia tu.

LST yenyewe haifai hapa kwa ukubwa. Mita 100 kwa Kalehe ni uwendawazimu, na haiwezi kufika ziwani: Ruzizi haipitiki kwa meli, ina maporomoko na mabwawa. Tuchukue umbo lilelile kwa chombo cha mita 36 kwa 9, sakafu bapa, rampu mbele, sitaha wazi, kubeba kamio nne za tani 30.

Eneo la maji linalokatwa na ganda: 36 × 9 × 0.85, kwa kuwa pua imechongwa kidogo, ni mita za mraba 275. Maji ya ziwa ni tani moja kwa mita ya ujazo, kwa hiyo kila tani 2.75 zinakuzamisha sentimita 1. Kamio moja ya tani 30 inakuzamisha sentimita 11 ikisimama katikati. Nne, sentimita 44. Mpaka hapo ni raha.

Taabu iko kwenye rampu. Kamio haianzii katikati, inaanzia puani, kama mita 16 mbele ya kitovu. Tani 30 mara mita 16 ni tani-mita 480 za mzunguko. Chombo cha vipimo hivi kinahitaji karibu tani-mita 7.3 ili tofauti ya omo na tezi ibadilike sentimita 1. Gawanya: sentimita 66. Nusu yake, 33, inaenda chini mbele. Ongeza zile 11 za uzito wenyewe: omo inazama sentimita 44 wakati kamio ya kwanza inapokanyaga sitaha. Kama chini ya pua ulikuwa na nafasi ya sentimita 30, umekaa juu ya mwamba na tani 30 zinakubana.

Dawa ni ileile ya Niedermair. Weka tangi nyuma, mita 14 kutoka kitovu, lijazwe tani 34 za maji kabla ya kamio kupanda. Pompi ya mita za ujazo 100 kwa saa inalijaza kwa dakika 20 hivi. Hapo pua haiinami tena. Chombo kinazama sawasawa, sentimita 11 za kamio na 12 za balasti. Kamio ikisogea nyuma unaanza kutoa maji. Kinachofanya watu waache utaratibu huu ni haraka: dakika 20 zinaonekana nyingi foleni ikiwa ndefu. Nunua pompi mbili, utapata dakika 10, na moja ikifa bado una nyingine.

Sasa ufuko. LST ilitaka mteremko wa 1 kwa 50 wenye mchanga. Kivu pwani nyingi zinaporomoka ghafla, na upande wa Goma ni mawe ya volkano yenye kukata kama chupa. Kwenye mteremko mkali ni ncha ya pua tu inayogusa, uzito wote unakaa kwenye eneo la meza moja, na tole ya sakafu inabonyea kati ya mbavu. Kwa hiyo usitue kwenye ufuko wa asili. Mimina zege: mteremko wa 1 kwa 8 hivi, upana mara mbili ya rampu ili upepo ukikusogeza usikose, na mwisho wake wa chini uendelee kuzama nusu mita zaidi ya kina cha pua chombo kikiwa kimejaa, ukipima wakati wa kiangazi maji yakiwa chini. Zege ikiishia juu mno, helisi zikirudisha nyuma zinachimba udongo chini yake na mwisho wake unavunjika.

Nne za zege kama hizo, Goma, Minova, Kalehe na Bukavu, ni rahisi sana kuliko gati nne.

---

Tole_12mm (Lubumbashi)

Mimi nazungumzia chuma tu. Cape Henlopen kuishi tangu 1943 si muujiza. Ganda la LST liligawanywa kwa matangi mengi madogo, kwa hiyo kila sehemu inaweza kufunguliwa, kukaguliwa na kubadilishwa tole peke yake. Na wenyewe walibadilisha tole pale zilipopungua, miaka yote. Hiyo ndiyo siri, hakuna nyingine.

Highway 16 ilipata bahati ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Chuma kwenye maji baridi kinaliwa polepole kuliko baharini. Lakini msidhani Kivu ni salama: tangi la balasti linalojazwa na kutolewa kila safari linakaa na unyevu na hewa, na hapo ndipo kutu inapokula haraka kuliko nje ya ganda. Watu wanapiga rangi nje vizuri, ndani ya tangi hawaingii miaka mitano. Tangi ambalo halitumiki, likaushe kabisa au lijaze mpaka juu. Nusunusu ndiyo mbaya, kwa kutu na kwa utulivu wa chombo.

Ukinunua ganda lililotumika, usikubali rangi mpya kuwa dalili ya afya. Kodi kipima unene cha sauti. Pima sakafu kwenye mistari, kila nusu mita, na ongeza vipimo sehemu hizi: chini ya rampu, mstari wa maji, pembe za matangi ya balasti, na juu ya helisi ambako mtetemo unapasua rangi. Tole iliyoanza na milimita 10 ikishafika 7.5, hiyo ni robo imeondoka, ikate uweke mpya. Usibandike tole juu ya tole kwenye sakafu: maji yanaingia kati, yanakula zote mbili, na kipima hakikuambii tena ukweli.

Usichomelee tangi lililofungwa muda mrefu kabla ya kulipitisha hewa saa nyingi na kupima. Kutu inakula oksijeni ya ndani. Mtu anaingia, anaanguka, wa pili anaingia kumtoa naye anaanguka. Feni ipulize hewa hadi chini ya tangi, mlinzi abaki juu na kamba, na asishuke yeye.

Motere: Kivu iko mita 1,460 juu ya bahari. Motere isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 1 kwa kila mita 100, kwa hiyo farasi 250 zilizoandikwa kwenye bati lake ni kama 215 kwenu. Ukiweka helisi iliyopigiwa hesabu ya bahari, motere haitafika mzunguko wake, itatoa moshi mweusi na kuchoma valvu. Punguza mwinuko wa helisi au nunua motere yenye turbo.

---

Nguba_Beach (Bukavu)

Hesabu_kwanza na Tole, hapo mmenifungua. Swali moja la mwisho: mlango wa mbele. Kivu ikichafuka mchana kuna mawimbi ya kutosha. Je, mlango puani si hatari?

---

Chuma_na_Maji (Goma)

Ni hatari, na historia ya vivuko imelipa kwa watu. Januari 1953 Princess Victoria, kivuko cha Stranraer hadi Larne, kilipigwa na wimbi nyuma, milango ya tezi ikavunjika, maji yakajaa sitaha ya magari na hayakuweza kutoka. Machi 1987, Zeebrugge, Herald of Free Enterprise iliondoka na milango ya omo wazi, ikapinduka baada ya dakika chache, watu 193 wakafa. Kwa Herald hakuna chuma kilichovunjika hata kidogo; mlango haukufungwa, na nahodha hakuwa na taa ya kumwambia.

Kwenye LST milango miwili ya nje ilikuwa ya kupasua maji tu. Kizuizi cha kweli kilikuwa rampu yenyewe: ikiinuliwa inakaza raba pande zote na kuwa ukuta wa pili. Iga hilo. Usitegemee ubao mmoja. Raba hiyo ikipondeka, ikikatwa na changarawe za matairi au ikipakwa mazutu inakuwa ngumu na kupitisha maji. Ifagie kila baada ya kupakia. Ipime kwa mpira wa maji, ukipiga kutoka nje na mtu akiangalia ndani.

Maji yakiingia sitahani, kiasi si kitisho kikuu. Kitisho ni kutembea kwake. Sentimita 1 kwenye sitaha ya mita 36 kwa 8 ni karibu tani 3 tu. Lakini chombo kikiinama kidogo, zote zinakimbilia upande mmoja. Kwa vipimo vya Hesabu_kwanza, chombo chenye uzito wa tani 330 kina akiba ya utulivu kama mita 3.6, maji yanayotembea huru upana wote wa sitaha yanaweza kuondoa mita 4.6. Yakiwa membamba sana yanaishia pembeni mapema na chombo kinasimama, yakizidi, hakisimami. Ndiyo maana sitaha wazi ni bora kuliko chumba cha LST: unakata matundu makubwa chini ya kuta za pembeni, yenye vifuniko vinavyofunguka nje tu, na maji yanatoka yenyewe. Yasizibwe na magunia. Ukuta mmoja wa urefu katikati ya sitaha, hata wa sentimita 60, unayagawanya maji, na kila nusu inaiba utulivu kidogo: athari yote inashuka hadi robo.

---

Hesabu_kwanza (Bukavu)

Niongezee hapo: akiba ile ya 3.6 inahesabu kamio zenye mzigo wa chini, kitovu chao kama mita 1.5 juu ya sitaha. Kamio iliyopakiwa makaa mpaka juu ya kichwa cha shoferi ni kitu kingine. Na abiria wasipande juu ya magunia kuangalia. Watu 100 ni tani 6 au 7, ila wakisimama mita 4 juu ya sitaha na kukimbilia upande mmoja kuona kitu, wanasukuma kuliko kamio iliyofungwa mnyororo. Kwenye LST vifaru vilifungwa minyororo kwenye pete zilizozama sakafuni, pande nne kila kimoja. Chomelea pete hizo kabla ya kupaka rangi ya kwanza.

---

Himbi_Omo (Goma)

Kuhusu kuleta chombo ziwani, nimekumbuka Liemba. Si LST, lakini ni ndugu wa mbali: meli ya vita iliyogeuka kivuko, na iko kwenye ziwa jirani yetu, Tanganyika. Kiwanda cha Meyer kule Papenburg, Ujerumani, waliijenga mwaka 1913 kwa jina Graf von Götzen, wakaifungua vipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, ikaletwa Kigoma ikiwa kwenye makreti, ikaungwa upya na kuteremshwa Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha, baada ya kupaka mashine zake grisi nene. Waingereza waliiinua mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina Liemba.

Kwa chombo cha mita 36 njia ni hiyohiyo. Jengeni vipande sita vya mita 6, kila kimoja kikigawanywa mara tatu kwa upana, mita 3 ikiwa theluthi ya 9, yaani vipande 18, kila kimoja kinakaa kwenye trela bila kufunga barabara. Kila kipande kiwe tangi lenye kuta zake, lijaribiwe kwa hewa kiwandani: paka maji ya sabuni kwenye mishono, angalia povu. Shinikizo la bari 0.2 linatosha, ukizidisha unabonyeza tole bapa. Kuunganisha kufanyike juu ya magogo ya mbao yaliyopimwa usawa, na mishono ya sakafu ichomelewe kutoka katikati kwenda nje, kipande cha kushoto kisha cha kulia kwa zamu. Ukimaliza upande mmoja kwanza, chuma kinajivuta kikipoa na chombo kinatoka kimepinda kama ndizi. Hakuna balasti itakayokinyoosha.

---

Nguba_Beach (Bukavu)

Nimeandika yote. Nitaanza kupima kina cha maji kando ya ufuko wa Kalehe na Minova kwa kamba na jiwe, kila mita 2 kutoka ukingoni hadi mita 40, ili Hesabu_kwanza apate mteremko wa kweli. Nitaweka namba hapahapa.

---

Hesabu_kwanza (Bukavu)

Pima mistari mitatu sambamba, mita 10 kati yao, na andika tarehe kila mara. Chini ya kila kipimo taja pia kama jiwe limetua kwenye mchanga, tope au mwamba.